Mwanafunzi mjuaji kwenye darasa la watu wazima: pima kwanza, ndipo uguse

Nafundisha umeme wa majumbani, darasa la jioni, na wengi wa wanafunzi wangu walianza kufunga nyumba kabla mimi sijashika bisibisi. Wanakuja kutafuta cheti. Bila cheti huombi leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania, na fundi asiye na leseni anabaki kufanya kazi kwa mhuri wa mtu mwingine, jasho lake na fedha ya mwenye mhuri. Kwa hiyo anayekaa mbele yangu ni baba wa watu. Ana wateja wake, ana vijana wawili watatu anaowaongoza, mchana kutwa anaitwa "fundi" na "bosi". Saa kumi na moja jioni anabanana kwenye dawati na kuanza kuitwa mwanafunzi.

Hapo ndipo mjuaji anapotokea. Unamjua: anadakia jibu kabla hujamaliza swali, anakwambia mbele ya watu kwamba mtaani mambo hayaendi hivyo, anamsahihisha jirani yake ambaye hakumwomba. Walimu wengi nikiwamo mimi wa zamani tuna dawa mbili tu, kumzima au kumwachia darasa. Dawa hizo mbili ni sawa na kuitwa kwa sababu taa haiwaki, ukaanza kubadilisha balbu, ukabadilisha swichi, ukavuta waya mpya, na hujapima popote. Taa kutowaka ni dalili. Huenda balbu imeungua, huenda nyutro imelegea juu ya dari, huenda luku imeisha.

Haya ninayoandika ni kwa mwalimu mwenzangu wa watu wazima, awe anafundisha umeme, ushonaji, hesabu za VICOBA au udereva. Mifano ni ya umeme kwa kuwa ndiko niliko.

Kabla ya kumpima yeye, pima tesita yako

Fundi anayetaka kuhakikisha waya umekufa hapimi mara moja. Anajaribu tesita mahali anapojua umeme upo, anapima ule waya, halafu anarudi pale pale penye umeme kuijaribu tesita tena. Asipofanya hivyo, tesita mbovu itamwambia "hakuna umeme" na yeye ataamini. Darasani tesita ni mwalimu mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika ubaoni rangi za nyaya: kahawia ni laini, waya unaoleta umeme; buluu ni nyutro, unaourudisha; kijani chenye mstari wa njano ni athi. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akasema, bila kunyoosha mkono, "Nyekundu na nyeusi." Nikamjibu kwamba hizo zimepitwa na wakati, nikaendelea. Akarudia. Nikampandishia sauti kidogo. Kuanzia siku hiyo hadi mwezi ukaisha hakuna nililosema ambalo hakulipinga, nami nikawa nawaambia wenzangu ofisini kwamba nina mjuaji mmoja ananisumbua.

Mzee alikuwa sahihi. Nyumba zilizofungwa zamani zimejaa nyekundu kwa laini na nyeusi kwa nyutro, na fundi wa leo anaitwa kwenye nyumba hizo kila wiki. Kijana niliyemfundisha rangi mpya peke yake ataifungua soketi ya nyumba ya zamani na kutafuta buluu asiione. Na mimi nilikuwa na kitu ambacho mzee naye alikihitaji sana: kwenye kebo mpya za fezi tatu, nyeusi ni fezi. Ni waya wenye umeme. Aliyezoea maisha yake yote kwamba nyeusi ni nyutro ataushika kwa amani. Tulikuwa na nusu nusu ya somo moja, kila mtu kashika yake, tukawa tunagombana. Siku hizi nachora safu mbili ubaoni, na ile ya zamani naijaza kwa kuwauliza wakongwe.

Kwa hiyo mjuaji anapoanza, jiulize kwanza. Je, alichosema ni kweli? Je, somo nililoleta liko chini ya uwezo wake kiasi kwamba hana la kufanya ila kuongea? Je, nilimuuliza anajua nini kabla sijaanza kummiminia? Hili la tatu ndilo tunalolisahau zaidi. Na ukiuliza, usiulize "una uzoefu wa miaka mingapi?" Swali hilo linafungua mnada: huyu kumi, yule kumi na tano, mwingine ishirini na mbili, na aliyetaja kubwa atajiona ana kiti cha kukilinda hadi kozi iishe. Mimi nauliza, "Kazi gani iliwahi kukushinda, au kukutisha?" Majibu yake yananipa mtaala, na mtu aliyekwisha kusimulia siku alipotupwa na umeme kutoka kwenye ngazi hana tena haja ya kuonekana hajawahi kukosea.

Anadakia kila jibu

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote na ndiyo nyepesi. Kuna anayejua kweli. Kuna ambaye kazini kwake yeye ndiye msimamizi, na msimamizi akiulizwa akakaa kimya vijana watamdharau, kwa hiyo ulimi umeshazoea. Na kuna mwenye hofu tu, anayeongea kama mtu anayepiga mluzi gizani.

Unawatenganisha kwa maneno mawili: "kwa nini?" Uliza waya wa soketi ni wa unene gani, wote watatu watakwambia milimita mbili na nusu. Uliza kwa nini soketi inapewa mbili na nusu wakati taa inapewa moja na nusu. Anayejua atakuambia habari ya mzigo, pasi na jagi la umeme, na waya mwembamba unavyopata moto ndani ya ukuta pasipo mtu kuona. Msimamizi atasema "ndivyo inavyowekwa." Mwenye hofu atanyamaza, au ataanza kueleza jambo jingine.

Anayejua mpe kazi ngumu kuliko ya wenzake, iliyoandaliwa kabla, si ya kubuni pale pale. Lakini usimfanye mwalimu msaidizi. Nimelijaribu hilo mara mbili na mara zote mbili wenzake walimchukia, kwa sababu wamelipa ada wasikie kutoka kwa mwalimu. Msimamizi anatibiwa na utaratibu: "Kila mtu aandike jibu lake kwanza, dakika moja, hakuna kusema," kisha naanza kuuliza kutoka upande asikokaa. Hapo hajakatazwa chochote, na jibu lake limo kwenye daftari lake. Mwenye hofu mwache. Wiki ya pili au ya tatu, akishaona hakuna anayechekwa, atapoa mwenyewe.

"Mtaani hatufanyi hivyo, mwalimu"

Hapa nitakaa kwa sababu hapa ndipo walimu wengi wanapolipoteza darasa.

Nilikuwa nafundisha athi, waya unaoupeleka ardhini umeme uliovuja, kupitia rodi, chuma kinachopigwa ardhini. Mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, athi ni mapambo. Mimi nimefunga nyumba zaidi ya mia, nyingi hazina hata rodi, na hakuna aliyekufa." Darasa likaguna kwa kukubali. Nusu yao wamefanya hivyo hivyo.

Jibu rahisi lilikuwa kusema kanuni inakataza. Lakini yeye ameleta ushahidi, nyumba mia zimesimama na watu wamelala ndani. Huwezi kuushinda ushahidi wa mtu kwa kumwonesha ukurasa. Unaweza kuushinda kwa kitu ambacho ataweza kukihesabu au kukipima kwa mkono wake mwenyewe, basi.

Nikamwambia, "Mzee wangu, naomba uje tupige hesabu." Nikampa maka peni. "Breka ya soketi unaweka ya ngapi?"

"Ampea thelathini na mbili."

"Tuseme umeweka rodi, ardhi ni kavu, mita inasoma ukinzani wa omu mia moja. Waya wa laini umechubuka ndani ya friji ukagusa bodi. Umeme wetu 230. Utapita ampea ngapi kwenda ardhini?"

Akagawa. Akaandika 2.3.

"Breka yako itakata?"

Akaitazama ile namba, akaitazama 32. Akasema, "Haikati."

"Na rodi isipokuwapo kabisa?"

"Hakipiti kitu." Akasimama kidogo. "Bodi la friji linakaa na umeme wake mpaka mtu alishike. Huyo mtu ndiye anakuwa athi."

Darasa lilikuwa kimya. Nikadhani nimeshinda. Ndipo mzee akageuka: "Lakini mwalimu, kwa hesabu yako hii hii, hata nikiweka athi breka haikati. Sasa athi inanisaidia nini?"

Nilitaka kumkumbatia. Hilo ndilo swali nililokuwa nimepanga kulifikia wiki ijayo, na yeye amelifikia kwa kunibishia. Rodi peke yake kwenye ardhi mbaya haitoshi. Panahitajika RCD, kile kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi na kukata tofauti ikifika kiasi kidogo sana, miliampea 30 kwa zile za kulinda watu. Umeme ule wa 2.3 ni mara sabini na zaidi ya kiasi hicho, kwa hiyo RCD inakata mara moja, kabla mtu hajafika kwenye friji. Somo lilijifungua lenyewe, na aliyelifungua ni mjuaji.

Sasa tazama kilichofuata, maana chanzo chenyewe nilikijua baadaye. Wiki iliyofuata, darasa limeisha, akanisubiri nje kando ya pikipiki yake. Akazunguka zunguka na habari za mvua, kisha akauliza, "Mwalimu, zile nyumba za zamani nizifanyeje?"

Ndipo nikaelewa alikuwa anabisha nini. Kukubali somo langu kulikuwa na bei kubwa zaidi kwake kuliko kwa kijana wa miaka ishirini. Kijana akikubali kwamba athi ni lazima, anaandika kwenye daftari, imekwisha. Mzee akikubali, amekubali pia kwamba kuna nyumba mahali fulani, za watu anaosalimiana nao msikitini na sokoni, ambako amelaza hatari ukutani kwa mikono yake. Mtu yeyote mwenye moyo angebisha kwanza. Tangu siku ile, nikiona fundi anapinga jambo kwa nguvu kuliko jambo lenyewe linavyostahili, najiuliza: akikubali, atadaiwa nini?

Na deni hilo mwalimu anaweza kulipunguza. Nilimwambia kwamba alizifunga kwa vifaa vilivyokuwapo na kwa alichojua wakati ule. Nikamwambia aanze na zenye hita ya maji bafuni, pampu, mashine ya kufulia, palipo na maji na mikono mitupu. RCD inaweza kuingia karibu na meni swichi bila kubomoa ukuta, nayo hukata hata kama nyumba haina athi, ila hapo hukata mtu akishaguswa, kwa hiyo athi ifuate. Mpe mjuaji njia ya kurekebisha, atakuachia njia ya kufundisha. Ukimwachia aibu peke yake ataendelea kubisha hadi mwisho wa kozi, kwani hana pengine pa kusimama.

Neno moja kuhusu heshima. Mimi ni mdogo wake kwa miaka mingi. Naingia darasani namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, na dakika tano baadaye inanibidi nimwambie kazi yake ina kasoro. Kuna walimu vijana wanaoiacha shikamoo mlangoni wakidhani itawapunguzia mamlaka. Wanajiumiza. Shikamoo ndiyo inayoniruhusu kumkosoa. Ila nakosoa kazi: "Mzee, jointi hii itapata moto, tazama waya ulivyo nje ya skrubu." Neno "umekosea" silitumii kwa aliyenizidi umri mbele ya wadogo zake.

Ananyang'anya bisibisi

Karakana tunafanya kazi wawili wawili kwenye mbao zenye soketi na swichi. Mjuaji anamwona mwenzake anahangaika na skrubu, anasema "lete hapa," anamaliza kazi yeye. Hana ubaya moyoni. Ndivyo anavyofanya na saidia fundi wake kila siku, mteja anasubiri.

Lakini madhara yake ni makubwa na hayaonekani. Dada mmoja aliacha kuja wiki ya tatu. Nilidhani ni nauli. Nilipompigia simu akaniambia kwamba katika wiki zote tatu hajawahi kumaliza jointi hata moja kwa mkono wake, kila akishika kitu kaka wa pembeni anakichukua. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi nikaona ubao umekamilika, nikasema "safi sana, mmeelewana." Kosa lilikuwa langu, na bado linaniuma, kwa sababu hakurudi.

Sasa kuna sheria inayotangazwa siku ya kwanza ya karakana na haina mjadala: katika kila jozi, anayejua zaidi haruhusiwi kushika kifaa. Anaruhusiwa kusema tu, mikono nyuma. Sheria hii inamlinda anayejifunza, na mjuaji naye anavuna. Jaribu kumweleza mtu jinsi ya kukunja ncha ya waya iingie chini ya skrubu ukiwa mikono nyuma. Mafundi wa miaka mingi wanagundua kwamba mikono yao inajua jambo ambalo midomo yao haijawahi kulisema. Wanaanza kutafuta maneno, na katika kutafuta maneno wanatafuta sababu. Nimeona watu wakijifunza zaidi kwa kufungwa mikono kuliko kwa mihadhara yangu yote.

Maswali ya mtego

Anauliza jambo analolijua, akutazame utateleza wapi. Hapa pa kuangalia ni jinsi anavyokusikiliza ukijibu: anayetaka kujua anainamia daftari, anayekutega anawatazama wenzake. Mrudishie kwa heshima, "Umeshakutana nalo hilo? Tusimulie." Mara nyingi kuna kisa kizuri nyuma yake. Na kama hujui, sema hujui na ulete jibu kesho yake, uanze nalo kabla ya somo. Darasa la watu wazima linasamehe kutojua. Ukibabaisha mara moja tu, wanakumbuka.

"Haya nayajua, sina haja ya kuandika"

Huyu ni mjuaji wa kimya, na ndiye niliyekawia sana kumwelewa. Amekunja mikono nyuma ya darasa. Ukigawa karatasi anaikunja mfukoni. Ikifika zamu ya kusoma kwa sauti, simu yake inaita na anatoka nje. Karakana ni hodari kupita wote. Nilimwandika moyoni kuwa ana dharau.

Siku moja nilimpa kebo asome maandishi yaliyochapwa kwenye ganda lake. Akaisogeza mbali, mkono wote ukanyooka, akakunja uso, kisha akasema, "Hii ni mbili na nusu, naijua kwa kushika." Na ilikuwa mbili na nusu kweli. Lakini nilichokiona ni ule mkono ulionyooka. Nikamwandikia sentensi moja kwa herufi kubwa ubaoni tukiwa wawili tu, akaisoma bila taabu. Shida ilikuwa macho ya karibu, jambo la kawaida kwa mtu aliyevuka miaka arobaini na kitu, na miwani ya kusomea inauzwa hata kwenye meza za barabarani. Nilimwambia mimi mwenyewe baba yangu alikataa miwani miaka mitatu. Jumatatu alikuja nayo mfukoni, akaivaa taa zilipopunguzwa. Miezi miwili ya "dharau" iliisha kwa miwani.

Si kila mara huwa macho. Ukiandika herufi kubwa na bado anatafuta njia ya kutoka nje, basi huenda kusoma kwenyewe ndiko kugumu. Nchi hii ilitangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kisomo chenye manufaa kikafika hadi chini ya miembe ya vijiji, lakini wapo waliozaliwa baada ya hapo ambao walitoka shule mapema wakaingia kazini wakiwa na herufi nusu nusu. Mtu huyo amejenga maisha yake juu ya kutogundulika. Kwake "nayajua" ni ukuta, na nyuma ya ukuta kuna jambo ambalo hata mke wake huenda hajui. Usimwite mbele asome, na usimweleze mwalimu mwenzako kwenye korido. Zungumza naye peke yake, wakati mnakusanya vifaa. Mpe mtihani kwa mdomo na kwa vitendo pale unapoweza, na mwoneshe darasa la kisomo lililo mbali na mtaa wake kama lipo. Anaweza kukataa. Mwache mlango wazi, usiusukume.

Anakuja na simu

Kabla hujamaliza, ameshafungua video. Usipigane na simu. Mwambie aioneshe darasa zima, kisha waulize wote maswali matatu: video hii ni ya nchi gani, volti ngapi, rangi zipi? Mara nyingi ni Marekani, ambako soketi za kawaida ni volti 120 na waya mweusi ndio laini, mweupe ndio nyutro. Mzee wetu wa nyekundu na nyeusi ataruka kwenye kiti. Baada ya hapo wenyewe huanza kuuliza kila video imetoka wapi.

Darasa zima limekuwa la mtu mmoja

Kuna wakati huoni kosa la mjuaji mahali, ila ukihesabu, saa nzima sauti ni mbili tu, yako na yake. Hapo tatizo ni jinsi darasa lilivyopangwa. Kila neno linapita kwako, na yeye ndiye mwenye kasi ya kulidaka.

Huwa naikumbuka kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya 1973. Takriban watu milioni mbili walikaa kwenye vikundi nchi nzima, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, kisha wakajadiliana. Kiongozi wa kikundi hakuwa daktari wala hakutakiwa kujifanya daktari. Ujuzi ulikuwa umewekwa katikati, kwenye redio na kijitabu, na swali lililobaki kwa wanakikundi lilikuwa moja: sisi hapa tutafanya nini, choo kitachimbwa wapi, maji yatachemshwaje? Swali la namna hiyo halina mjuaji, kwani kila mmoja anajua nyumba yake.

Kwangu kilichowekwa katikati ni mita. Ubishi wowote unaoweza kupimwa hatuumalizi kwa maneno. Kila jozi inakwenda kwenye ubao wake, inapima, inaandika namba, tunaziandika zote ukutani. Zikitofautiana, tunajadili kwa nini zimetofautiana. Mjuaji mwenye namba moja kati ya kumi na mbili anakuwa mwenye namba moja kati ya kumi na mbili. Haijanibidi kumwambia chochote.

Pale ambapo hakuna mazungumzo

Yote haya yana mpaka, na mpaka ni usalama. Kaka mmoja, fundi mzuri, alikataa kuzima meni swichi kabla ya kufungua soketi. "Nimezoea, nashika waya mmoja mmoja." Sikumuuliza kwa nini, sikumpa hesabu. Nilizima mimi, nikamwomba atoke karakana kwa jioni ile. Alitoka kwa hasira, akigonga mlango.

Kesho yake asubuhi nilimpigia kabla hajafika kazini. Nilimwambia, "Kaka, jana nilikutoa kwa sababu sitaki kuwa mtu wa kumpelekea shemeji habari mbaya. Leo nakuhitaji uje." Akanyamaza muda mrefu kwenye simu. Akaja. Nilimkabidhi funguo ya kufunga meni swichi ya karakana nzima na kazi ya kuwahakikishia wenzake wote kwamba umeme haupo kabla hawajagusa kitu. Alisimama mbele yao na tesita, akaijaribu kwanza kwenye soketi ya korido yenye umeme, akapima ubao wa kwanza, akarudi korido kuijaribu tena. Kisha akaenda ubao wa pili, akafanya vile vile, taratibu, huku wengine wakisubiri mikono nyuma.